Vifuniko Vitatu vya Nzioka

Nakumbuka asubuhi moja niliyoisikia kabla sijaiona. Ko, ko, ko: nyundo ya mti ikigonga vifuniko vya mikebe ya maziwa. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya karo la kuoshea, nikingoja Nzioka aharibikiwe.

Mwanangu, ndiye mzee tuliyemzika juzi, miaka tisini na ushee. Uliwasikia majirani wa mtaa wetu wa Lucky Summer wakimsifu: askari wa zamani, mtu wa maziwa, baba wa wengi. Chanda chema huvikwa pete. Nilitikisa kichwa kama wenzangu, lakini nikufiche nini? Nilimwonea wivu hata ndani ya jeneza.

Wivu huo ni wa kale. Pale kwenye kiwanda cha maziwa nilikuwa nimeosha mikebe miaka sita, na pua yangu iliyajua maziwa tangu zizini kwa mama, Murang'a. Akaja Nzioka kutoka jeshini, akiburuta mguu ulioumia vitani, na mwaka haujaisha akapewa kazi ya kunusa. Kazi hiyo ina siri. Ukigonga kifuniko na kukiinua, harufu ya kwanza iliyofungiwa ndani ndiyo isemayo kweli. Ikishatoka, maziwa yaliyoanza kuchacha hukupita yakijifanya mazima. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: mkebe mmoja huharibu tangi zima, na aliyeupitisha hufukuzwa.

Basi asubuhi hiyo nikawahi kufika. Nikanusa mikebe, nikapata mitatu iliyochacha, nikaviacha vifuniko vyake vimelegea, harufu itoke.

Nyundo ilipofika kwenye ule wa kwanza, mlio ukabadilika. Nzioka akasimama. Akachota maziwa kidogo, akayachemsha, yakakatika. Akafanya vivyo hivyo kwa mingine miwili, kisha akaja moja kwa moja hadi karoni, akiburuta mguu.

"Jeshini kulikuwa na mmoja aliyetufungulia kamba za viatu kabla ya mbio," akasema. "Na ndiye aliyekuwa na mbio kutushinda sote."

Nikasugua mkebe uliokwisha kung'aa.

"Wanjiru, mikebe ni arobaini. Aliyelegeza amechagua mibovu tu, hakukosea hata mmoja. Dada yangu, pua kama hiyo unaitumia kunifukuzisha kazi?"

Hakunisema kwa mkubwa. Alimwomba nisimame kando yake, ninuse naye. Laiti angenishtaki! Wema wake uliniwasha kuliko upupu, na miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumwomba radhi.

Nakuona unavyonuna mwenzako anaposifiwa kazini. Mwanangu, wivu hukuonyesha ulichojaliwa, kisha hukutuma ukakitumie vibaya. Ukiusikia unachacha, uchemshe mapema, kabla hujaumwaga kwenye tangi la watu. Na uliyemkosea mwambie angali anasikia. Mimi yangu nimeuambia udongo wa kaburi lake. Mungu akupe jicho la kufurahia cha mwenzio, na mikono yako isikose kazi njema.

Siku ya kustaafu, Nzioka alinitia ile nyundo mkononi. "Sasa gonga wewe," akasema, akacheka, akachukua kofia yake. Nikasikia mguu ukiburutwa sakafuni. Neno lilikuwa limefika ulimini. Nikalimeza, na mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake.