Lango la Daudi

Huku Mzab, bonde la jangwani Aljeria, vichochoro vya mitendeni ni vya maji kwanza, vya watu baadaye. Mvua ikinyesha juu jangwani, mto mkavu hushuka ghafla, maji yakapita humo yakijigawa bustani kwa bustani. Ba Hammu alikuwa mlinzi wa mafuriko miaka arobaini. Sheria ya walinzi ni moja tu: mwenye kuziba njia ya maji, huvunjiwa. Awe tajiri, awe shekhe.

Kisha mji ukashuka mitendeni. Ikakatwa mitende, zikapandwa ghorofa, na saruji hainywi hata tone. Daudi, muuza vigae, akatia lango la chuma mdomoni mwa kichochoro, magari yake yasiingie vumbi. Walinzi wakanywa chai kwake, wakanyamaza.

Vuli iliyopita maji yaliligonga lango, yakageuka, yakaingia kwa Ba Hammu. Mkewe Setti alikuwa anakanda unga. Walimpata siku ya pili, bustani ya tatu chini.

Lango lilipinda tu. Daudi alilinyoosha, akalipaka rangi ya kijani, akalirudisha.

Leo wingu limesimama kaskazini. Ba Hammu akaenda kubisha.

"Ondoa chuma chako, Daudi."

"Karibu chai, ami. Yale yalikuwa kadari ya Mungu."

"Mungu alileta maji. Kona uliiweka wewe."

"Mainjinia walipima, ami. Kwenye ramani, hii ni barabara."

"Walipima Agosti. Hata punda hapimi mto kiangazi."

"Basi niletee walinzi wenzako waseme."

"Wenzangu wangali wanalamba sukari ya vikombe vyako."

Akageuka. Aliporudi, alikuwa na sururu. Akaanza na bawaba za chini. Daudi alipiga kelele mpaka walinzi watatu wakaja, mikono nyuma, kama watu wa kukagua ngamia.

"Hammu, utaumia mgongo," mmoja akasema.

"Mgongo ninao. Nyinyi wenu mliuuza kwa birika ngapi?"

Sururu ikaendelea. Jasho likamwingia machoni, hakulifuta. Hatimaye Bakir, mdogo wao, wa miaka sitini, akavua kilemba, akashika upande wa pili.

Ba Hammu hakumshukuru.

Lango liling'oka. Wakaliburura mpaka uani kwa Daudi, chuma juu ya vigae vyake. Kisha mzee akarudi kichochoroni, akapiga magoti, akaanza kuzoa mawe, maji yasije yakajikwaa.