Kobe Aliyetafuta Mlango

Juma lililopita nilirudi Dzaleka, kambi ya wakimbizi nilikokulia, rafiki yangu, kutafuta mwisho wa hadithi. Usicheke. Mimi mtu mzima, mkazi wa Lilongwe, mwandishi wa vitabu vya watoto na vipindi vyao vya televisheni, nilipakiwa nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, na shati langu zuri, vumbi likinijaa puani, kwa ajili ya kobe.

Kobe huyo alikuwa wa bibi yangu. Alichoka na nyumba isiyo na mlango, akawa anakwenda kwa kila mnyama kuomba atengenezewe mmoja. Bibi, mtu wa Kindu, kule Kongo, alikuwa na sharti lake: hadithi huenda na mchi. Tukitwanga sombe, anasimulia. Mchi ukinyamaza, naye ananyamaza. Tulipokezana, mimi na dada zangu, majani ya muhogo yakinukia ua mzima, viganja vikiwaka moto. Bibi akiyapima kwa vidole, anakunja uso.

"Mutwange tena, batoto. Iko na nyuzi bado."

Tulimwona mkali kuliko mwalimu wa shule. Mwalimu angalau alikuwa na kengele.

Na hadithi haikufika mwisho hata siku moja. Mama alikuwa akiuza usipa, vile visamaki vya ziwani, katika soko la Area 25, mjini Lilongwe. Akitokea tu njiani na mzigo kichwani, bibi anakatiza, hata kama kobe yumo mdomoni mwa fisi. "Basi. Muweke mayi ku moto." Tunateleka maji ya ugali, na kesho yake kobe yuko kwa mnyama mwingine, mzima wa afya.

Usinionee huruma, kukatizwa huko ndiko kunakonilisha leo. Nilipoanza kuandika, nilijua tayari pa kukatia ili mtoto arudi kesho. Lakini safari hii mtayarishaji wa kipindi aliipenda hadithi ya kobe, akataka mwisho wake, la sivyo ingeachwa. Ningeweza kubuni, kubuni ndiyo kazi yangu. Roho ilikataa. Bibi ametangulia mbele ya haki, na nilitaka watoto wasikie ya kwake, si yangu.

Ndiyo maana nilimwendea jirani yetu wa zamani, mama wa Kinyarwanda ambaye nyumba yake ilipakana na yetu, hata akazisikia hadithi zote bila kutwanga. Alinikumbatia, akanimiminia chai, nilipomuuliza akacheka.

"Mwisho gani, mutoto wangu? Sombe ilikuwa inalainikaka mbio. Bibi yako alikuwa anaangaliaka njia tu. Bunga ilikuwa hakuna ku nyumba. Mama yenu akitokea nayo, njo hadisi inaisha."

Nililia na kikombe mkononi, wala sikuona haya. Utoto wangu wote sikumbuki kungoja unga. Nakumbuka tu kwamba kuna siku kobe alisafiri mbali sana.

Kinu hakipo tena. Pale uani pamejengwa kibanda cha kuchaji simu, na sombe siku hizi husagwa kwa mashine. Namshukuru Mungu kwamba jirani bado yupo.

Mwisho nimeshauandika. Kobe anamwona mama yake akitokea njiani na unga kichwani, anaacha kuulizia mlango, anakwenda kuteleka maji.