Tableti Iliyofungwa Kama Miraa

Meza yangu iko kando ya kibanda cha mama mmoja Mmeru anayeuza miraa hapa Isiolo mjini. Juu yake kuna tableti yenye ufa kwenye kioo na kibodi ya mtumba. Ndiyo ofisi nzima. Huandika barua za kuomba kazi, hujaza fomu za mtandaoni, hupiga picha vyeti. Niliacha shule darasa la saba, wazazi walipofariki na wadogo wangu wanne wakabaki mikononi mwangu, kwa hivyo kompyuta nilijifunza kwa kugusa kila kitu na kumwomba Mungu kisifutike.

Wateja wapya hucheka. "Si hii ni ya watoto kutazama katuni?"

Huwaambia wakae, katuni inaanza.

Siku moja mteja alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Maombi ya chuo cha uuguzi yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni. Saa tisa na robo, tukiwa tumebakisha cheti kimoja tu, tableti ikaandika kwamba imepata joto kupita kiasi, kisha ikazima. Jua la Isiolo halina adabu.

"Dada, twende saiba, tukatumie kompyuta zao!" akasema, machozi yakimlengalenga.

"Saiba gani? Stima imepotea tangu asubuhi."

Nikaipepea kwa leso. Mama miraa akanitazama kwa huruma.

"Unaipepea kama bibi harusi? Leta hapa."

"Mama, hii ni kompyuta!"

"Na miraa yangu hutoka mji wa Maua na jua hilihili, na hufika mbichi. Leta."

Akachukua majani ya ndizi yaliyolowa, akapangusa upande wa ndani ukakauka, akaifunga tableti vizuri kwa kamba ya mgomba na kuilaza kivulini kati ya mafungu yake. Tukangoja. Mdogo wangu hakupepesa macho.

Akaja mnunuzi. "Salaam aleikum. Hilo fungu kubwa ni pesa ngapi?"

"Hilo linaenda chuo," mama akamjibu. "Chagua lingine."

Saa kumi kasoro dakika ishirini tukalifungua. Tableti ikawaka, baridi kama mtungi. Nikapakia cheti, nikabonyeza, nikafumba macho.

"Maombi yako yamepokelewa," mdogo wangu akasoma kwa sauti. Akasoma tena. Kisha akaruka, akamkumbatia mama miraa kwanza.

Sikulalamika. Nilikuwa nachomoa uzi wa mgomba uliokwama kwenye tundu la chaji.