Mashine ya Mama Mkwe Niliyoitengenezea Dirishani

Wakuu, sidhani kama Tarime nzima kuna mtu mwingine aliyewahi kutengeneza mashine ya kuosha vyombo huku haioni hata kwa jicho moja.

Na siku niliyofanikiwa ikafanya kazi, nikaambiwa wazee wangu wasije kuposa.

Msicheke kwanza. Ngoja nianze mwanzo, mtacheka vizuri zaidi.

Naitwa Jackson. Miaka ile dhahabu imepamba moto kule Nyakunguru, mimi na mwenzangu Werema tulikuwa na duara letu, yaani shimo la kuchimba. Tulilipiga nyundo mpaka tukakata tamaa. Siku tunapanga kuliacha, likatema.

Sasa kijana akipata dhahabu, kitu cha kwanza kumkimbia ni akili. Werema alinunua suti nyeupe akaingia nayo shimoni. Wengine walinunua pikipiki kabla hawajajua kuendesha. Mimi nikawacheka wote, nikajiona mtu mzima.

Halafu nikaenda kununua mashine ya kuosha vyombo.

Ilikuwa hivi. Mzungu mmoja mkandarasi alikuwa anarudi kwao, anauza vitu vya ndani. Nikaona sanduku jeupe linang'aa, nikalipa mbio mtu asiniwahi. Haki ya Mungu, nilidhani ni friji. Nimefika nalo geto, nafungua, nakuta tundu za kupanga sahani.

"Mura, friji gani hii ina mabomba?" Werema akauliza.

"Nani kakwambia ni friji? Hii ni zawadi ya mama mkwe."

Nilisema tu kuficha aibu. Lakini nilivyojisikia nikiyasema, nikajikubali mwenyewe.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa bado hajawa mama mkwe. Nilikuwa namtaka Sheila, binti wa Mzee Jairo, Wajaluo wa karibu na Sirari, wenye ndugu tele Migori. Jumapili wazee wangu walikuwa waende kuzungumza ng'ombe. Mzee Jairo ndiye angeongea siku hiyo, lakini kila mtu alijua uamuzi uko kwa Mama Sheila. Yule mama akisema hapana, mzee naye anakumbuka kwamba hata yeye alikuwa anataka kusema hapana.

Na mimi kwa mdomo wangu nikatangaza kijiweni kwamba Jumapili hakuna mwanamke atakayeinama kuosha sahani kwa kina Sheila. Mashine itaosha.

Nikaipeleka kwao, fundi bomba akaifunga jikoni, akachukua chake, akazima simu.

Kesho yake Sheila akanipigia. "Jack, hii kitu yako inaunguruma kidogo inazima. Majirani wameshaanza kucheka."

Nikamwambia tulia. Mimi nimezoea mota za karasha, mashine inayosaga mawe. Sikumwambia kwamba kazi yangu kwenye karasha ilikuwa kubeba dumu la dizeli.

Nikafika pale nikakumbana na ukuta. Ukuta kabisa, wa tofali.

Kwao Wajaluo mkwe hakanyagi jikoni kwa maro wake, mama mkwe wake. Wala hachungulii. Wala hawasemeshani hovyo; maneno yanapita kwa mtu wa katikati. Kwetu Wakurya nako heshima ya wakwe sio mchezo, kwa hiyo sikuwa na pa kubishia. Mashine ilikuwa jikoni, fundi ni mkwe, na Werema hata balbu hajawahi kubadilisha.

Nikapata wazo. Nikamwambia Sheila aiwashe simu ya picha, nione kwa kioo.

Akaingia kuuliza, akarudi. "Mama anasema macho nayo yana miguu."

Basi nikawekewa kiti cha plastiki nje, chini ya dirisha la jikoni, mgongo ukutani. Pazia limeshushwa. Mikono ya Sheila ndani, mdomo wangu nje. Hivyo ndivyo nilivyoanza ufundi.

"Chomoa kwenye soketi, subiri kidogo, chomeka. Halafu bonyeza kile kitufe cha kuwashia, kishikilie mpaka taa zote zizime."

"Zimezima. Inawaka taa ya kabomba."

"Kabomba maana yake maji hayapandi!"

Tenki lao lilikuwa limekaa chini mno. Mimi na Werema tukalijengea kichanja kirefu, tope mpaka kwenye nyusi, yeye na suti yake. Maji yakaja. Mashine ikaunguruma. Sheila akatoka nje anatabasamu, akakaa karibu na mimi tuongee mambo yetu.

Ikazima.

Kesho yake nikasema ni chujio. Sheila akalitoa pale chini, lina miiba ya dagaa na ugali mkavu. Akasugua, akarudisha. Ikaunguruma. Sheila akatoka tuongee.

Ikazima.

Nikasema basi ni sabuni ndogo. Nikamwambia amwage sabuni ya unga ya kufulia, asibane.

Wakuu, ile mashine haitaki sabuni ya kufulia. Mimi sikujua. Povu lilitokea mlangoni, likapita sebuleni, likashuka ngazi mpaka uani. Kuku wakakimbilia kwa jirani. Mzee Jairo alikuwa amekaa na redio yake, akanyanyua miguu juu.

"Bonyeza tena!" mimi nikawa napiga kelele. "Bonyeza tena, linakaribia kuisha!"

Halikukaribia kuisha. Walilisomba kwa ndoo mpaka jioni.

Jumamosi nikarudi nimeinamisha kichwa. Nikakaa kwenye kiti changu. Sheila akaiwasha, akatoka, na safari hii mimi sikuongea naye. Nikatega sikio.

Ndani nikamsikia mama anaimba wimbo wa kanisani, polepole. Halafu mlio wa mlango, kwa! Mashine imezima.

Nikaruka. "Kitasa! Kitasa cha mlango kimelegea! Unajifungua wenyewe!"

Nilijiona profesa. Nikamwita Werema alete ule mpira wa kufungia mizigo kwenye pikipiki. Sheila akaizungushia mashine, akakaza mpaka mpira ukalia.

Akaiwasha.

Ikaunguruma. Ikaendelea. Ikamwaga maji, ikavuta mengine, ikaunguruma tena. Tulikaa pale mpaka kivuli cha tenki kikahama, na ikamaliza yenyewe, ikalia kengele.

Nilicheza, jamani. Nilicheza peke yangu uani kwa watu, na hao kuku wamerudi wananiangalia.

Sheila akaingia ndani kuchukua sahani za kunionyesha. Akatoka mikono mitupu, machozi yanamtoka.

"Mama anasema kesho wazee wako wasije."

"Nini?"

"Wasije. Na hataki kusema kwa nini."

Nilimpenda yule msichana kabla ya dhahabu, wakati namnunulia mandazi kwa mkopo. Duara lingeporomoka siku ile nisingeumia vile. Nikaona liwalo na liwe. Nikageuka, uso ukutani, nikamsemesha mama mkwe mwenyewe.

"Mama, shikamoo."

Sheila akaziba mdomo kwa mkono.

"Mama, kama nimekosa niambie kosa. Usinifukuze gizani."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba, inatetemeka.

"Marahaba. Mbona umewafunga?"

"Kina nani, mama?"

"Hao wanaoosha."

Sikuelewa. Werema ndiye aliyeelewa, akavua kofia.

"Dada yangu Adero alinipigia kutoka Migori," mama akaendelea. "Akaniambia hao vijana wa dhahabu mali yao haitoki bure. Wanachukua watu, wanawafanyisha kazi hawaonekani. Na wewe ukaniletea sanduku limefungwa, linaosha vyombo lenyewe. Sasa mimi nifanye nini? Kila likianza nafungua, nawaombea watoke. Nimewawekea hadi uji hapo. Leo umekuja na mpira, umekaza kabisa. Mtu asiyeficha kitu anafunga mpira wa nini?"

Wakuu, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote baada ya lile tenki. Ukiifungua mlango inazima, ndivyo ilivyoundwa. Mimi nimehangaika na chujio na povu, kumbe mgonjwa nilikuwa mimi, na daktari alikuwa yule mama na uji wake.

Tena hakuwa anaogopa kwa ajili yake. Alikuwa anataka kuwaachia huru.

"Sheila," nikasema, "fungua huo mpira uutupe. Iwashe. Mama, ikianza tu, ifungue. Ifungue mara zote unazotaka, mpaka uchoke."

Ikaunguruma. Kwa! Nikasikia maji yamemrukia.

"Nyasaye!" akamwita Mungu kwa Kijaluo.

"Umeona nani, mama?"

"Maji. Yamenipiga usoni."

"Kuna kijipanga kama cha feni kinazunguka kinarusha maji. Ndio hao tu. Hamna mwingine."

Akafunga. Ikawashwa. Kwa! Akafungua tena. Na tena. Mara ya mwisho nikamsikia anacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Halafu akaniuliza lile swali lenyewe. "Na dhahabu yako, ilitoka wapi?"

"Chini ya jiwe, mama. Kwa nyundo. Werema yuko hapa, kidole chake kilibaki kule kule."

Werema akapitisha mkono wake chini ya pazia. Yeye sio mkwe, macho yake wala mkono wake havina kesi. Mama akaushika ule mkono, akavihesabu vidole.

"Sheila," akasema, "waambie wazee waje na njaa."

Jumapili wazee wakaja, ng'ombe wakakubaliwa. Mama mdogo Adero naye alivuka mpaka asubuhi na mapema, akanyoosha moja kwa moja jikoni. "Wapi hiyo kitu?" Kwa! Maji yakamlowesha kitambaa cha kichwa. Wanawake wote wakataka kuona. Kila mmoja akafungua kwa zamu yake.

Sahani zikaoshwa kwa mkono, uani, na wanawake walioinama.

Baadaye ndipo Sheila aliniambia lililonitoa jasho. Mama hakuwa anakubali posa kwa sababu ya ng'ombe wala zawadi. Alijiapiza moyoni, "Nikifungua mpaka Jumapili nisione dalili ya mtu, namtoa binti yangu." Kwa hiyo ule ubovu niliokuwa napambana nao ndio uliokuwa unaniombea mke, na ufundi wangu ulikaribia kuninyima.

Ile mashine haikumaliza tena kazi yake, maana hakukosekana mgeni wa kuifungua. Siku hizi mama anahifadhia mchele, panya hawaingii. Kwangu vyombo naosha mimi, na Sheila anakagua.

Nilichojifunza ni kimoja. Kabla hujashika kitu cha mtu ukitengeneze, kaa chini umuulize mwenyewe anaogopa nini. Mimi niliuliza taa, nikauliza tenki, nikauliza chujio. Mama wa watu alikuwa hatua moja nyuma ya pazia, anasubiri tu asalimiwe.