Honi ya Goli la Kwanza

Mimi ndiye ninayebonyeza kitufe cha goli katika uwanja wetu wa hoki ya barafuni, hapa Marlow Falls, kaskazini mwa Ontario. Kazi yangu inaishia hapo. Yanayofuata ni ya Raili Koskela, jirani yangu, anayeandika programu za kompyuta sebuleni kwake huku soksi za sufu zikikauka juu ya hita. Nikibonyeza, programu yake ya JavaScript hutuma ujumbe mmoja tu: goli. Vifaa vilivyojiandikisha kuusikiliza huitwa kimoja kimoja kwa zamu. Ubao unabadilisha namba, honi inalia, taa nyekundu inawaka. Aliitengeneza bure, na hata asante hakupewa.

Balaa ni mchezo wa midoli. Kila Desemba kuna mechi moja ambayo watu huja na midoli ya dubu. Timu yetu ikifunga goli la kwanza, honi hulia, midoli hurushwa barafuni, kisha hupelekwa kwa watoto hospitalini. Mwaka juzi tulifunga, honi kimya. Watu wakabaki kutazamana, midoli mapajani. Goli la pili ikalia vizuri kabisa, hamu imeshakwisha. Mwaka jana, yale yale. Tangu hapo Raili akiingia dukani kununua maziwa, hakosekani mjinga wa kumwita "Raili Kimya".

Niliumia kuliko yeye, maana nilimwona akihangaika. Alibadilisha waya, akabadilisha honi yenyewe, akaijaribu hadi wanaokaa jirani na uwanja wakaja juu. Ililia kila mara.

Dale Hrycay, meneja wa uwanja, akatoa neno lake la mwisho.

"Sikia, dada. Mwaka huu ikinyamaza tena, nachomoa waya wako. Mzee Clarence atabonyeza honi kwa kidole, kama zamani."

"Mzee Clarence anasinzia tangu kipindi cha kwanza," nikasema.

"Si kitu. Tutamwamsha."

Raili hakucheka.

Mchana wa siku ya mchezo alikuja na kompyuta yake, akaketi kando yangu kwenye kibanda cha kupimia muda wa mchezo, hajavua hata koti. Safari hii alisubiri mpaka Dale alipoweka picha ya dubu anayecheza, ile inayotokea ubaoni goli la kwanza tu, kabla ya honi. Siku nyingine zote picha hiyo haipo, na majaribio yake yote aliyafanya bila hiyo picha.

"Haya, bonyeza."

Dubu akacheza. Taa ikawaka. Honi kimya.

"Huyu dubu mshenzi!" Raili akapiga meza. "Kumbe ni yeye!"

"Dubu kafanya nini tena?"

"Hebu ona foleni. Wa kwanza ubao, wa pili dubu, wa tatu honi, wa nne taa. Dubu kazi yake mara moja tu, akishaitwa anajitoa. Akijitoa, walio nyuma wanasogea. Honi sasa ndiye wa pili. Programu inasema, wa pili nimeshamwita, twende wa tatu. Wa tatu sasa nani?"

"Taa."

"Honi karukwa! Nimetukanwa mji mzima kwa ajili ya dubu!"

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Kabla ya kuita yeyote, programu inanakili foleni ilivyo na kuifuata nakala hiyo, anayetaka kujitoa na ajitoe. Akamrudisha dubu, nikabonyeza tena, honi ikatuziba masikio.

"Dale! Umesikia?" nikaita.

"Mchana hulia siku zote!" akajibu kutoka mlangoni, koleo la theluji mkononi.

Jioni uwanja ulifurika. Timu yetu ikacheza hovyo, sijapata kuona. Wageni wakafunga, wakaongeza, na honi yetu haiwalilii wageni. Nilikuwa nawatukana wachezaji wetu kwa majina. Dakika ya mwisho hatukuwa na goli hata moja, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

"Nabonyeza, Raili. Waisikie."

Akanishika mkono. "Hakuna goli."

"Nani anajali?"

"Mimi. Huo ujumbe unasema goli. Kama halijafungwa, usiutume."

Filimbi ikapulizwa. Watu wakairusha midoli yao kimyakimya, kwa uchovu, wapate kwenda nyumbani. Dale akapita mbele yetu na kapu limejaa.

"Mwaka wa tatu, Raili."

"Hatukufunga, wewe!" nikafoka.

"Ndiyo. Na honi haikulia."

Raili alikuwa ameinama anafunga kompyuta yake, na sikuona uso wake.

Sasa honi ni ya Mzee Clarence, na hulia wachezaji wakiwa wameshamaliza kukumbatiana. Mimi bado nabonyeza kitufe changu. Kila goli programu ya Raili huita ubao, huita honi, huita taa, kila mmoja kwa zamu yake, hamruki yeyote. Waya wa honi aliouchomoa Dale umeviringishwa chini ya kiti changu.