Wakaguzi wa Jiko la Nabintu

Ilikuwa mwaka wa sabini na tatu. Hapana, nakosea. Sabini na tatu nilikuwa bado Mbale, nikinoa visu vya wauza nyama. Ilikuwa sabini na tano, mwaka ule Kampala ilipopakwa chokaa kwa ajili ya wageni wa mkutano mkubwa. Chokaa ndiyo inayonikumbusha. Walipaka mawe ya kando ya barabara, wakapaka miti mpaka kiunoni, na huko Kalerwe, ambako mgeni wa maana asingepita hata kwa kupotea, walipaka shina la mpapai uliokwisha kufa. Hiyo ndiyo serikali ya mji niliyoijua mimi. Lakini sikukaa hapa kuandika habari za mpapai. Nataka kumweleza mama mmoja aliyeitwa Nabintu.

Nabintu alikuwa wa kabila la Washi, upande wa Bukavu. Alivuka mpaka pamoja na mume wake wakati wa zile fujo za Kongo, mume akafa kwa homa, naye akabaki na sufuria zake na kisu kimoja kirefu. Kisu hicho ndicho kilichotujulisha, maana kazi yangu ilikuwa kuzunguka masokoni na jiwe la kunolea, leo Nakivubo, kesho Kalerwe, kesho kutwa popote miguu ilipotaka. Alikuwa mrefu, anatumia mkono wa kushoto, na akicheka hafungui mdomo. Mabega tu ndiyo yanatikisika. Alipika maharage na posho, yaani ugali, nyuma ya safu ya nyanya, kwenye kibanda cha fito na mabati. Wapagazi wa ndizi walikula kwake. Chumvi mwaka ule ilikuwa adimu kama dawa, basi kila mtu alikuja na yake kwenye kikaratasi, akanyunyiza kidogo, akakunja tena na kuirudisha mfukoni.

Hapo ikaja amri. Kila jiko la sokoni liwe na kibali kabla wageni hawajafika, na lisilo nacho litavunjwa. Nabintu hakuwa na shamba, hakuwa na ndugu, hakuwa na kwao pa kurudi. Alikuwa na lile jiko. Likivunjwa, amekwisha.

Kibali chenyewe kilitolewa na ofisi ndogo ya mji iliyokuwa upande wetu. Karani aliyetunga utaratibu alikuwa mtu mwenye akili, nasikia. Alisema bwana afya alione jiko likiwaka, aone moshi unakwenda wapi. Mtu wa ujenzi naye alione jiko likiwa baridi, ayashike mawe, apime. Wote watie sahihi siku moja, mmoja asubuhi, mwingine jioni, mama wa watu asihangaishwe. Basi karani huyo alichukuliwa siku moja na watu wa gari lisilo na namba, na koti lake likabaki limening'inia mgongoni mwa kiti. Hakuna aliyethubutu kuliondoa, wala kukalia kile kiti, wala kubadili neno moja katika alichoandika. Wakabaki Otim na Opoka.

Otim ndiye aliyekuwa bwana afya. Mwembamba, mpole wa maneno, na chumvi yake ya mgawo wa wakubwa aliiweka kwenye kiberiti ndani ya mfuko wa shati. Alikifungua chini ya meza ili mtu asimwombe. Opoka alikuwa mtu wa ujenzi. Huyo zamani alipiga tarumbeta jeshini, ndipo akaamka asubuhi moja ameambiwa anajua nyumba. Alitembea na utepe wa kupimia kiunoni kama wenzake walivyotembea na bastola. Walikuwa na pikipiki moja tu ya ofisi, lakini hata wangekuwa nazo kumi wangekuja pamoja, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kumwacha mwenzake nyuma peke yake na simu. Miaka ile simu iliua watu.

Kwa hiyo walikuja pamoja. Na saa waliyoichagua ni saa ya chakula.

"Karibuni, wazee," Nabintu aliwaambia siku ya kwanza. "Munawe mikono."

"Sisi tumekuja kikazi, mama," alisema Otim, huku anaikinga mikono yake.

"Kazi itakuwako. Mukule kwanza."

Kwa Washi, alinieleza baadaye, mgeni aliyekuja kuitazama nyumba yako humwambii shida yako kabla hajala, wala humdai bei. Unamlisha, ananawa tena, ndipo unafungua mdomo. Alilelewa hivyo. Wale wawili waliigundua tabia hiyo mara moja, kama inzi anavyogundua kidonda. Walikula polepole. Wakimaliza, Opoka alinyoosha mkono kidogo, akausogeza karibu na mawe, akaurudisha haraka.

"Moto," akasema. "Mimi siwezi kupima moto. Utaratibu unasema baridi."

"Mimi nimeliona linawaka," alisema Otim. "Lakini siwezi kutia sahihi leo kama yeye hatii leo."

"Basi murudi jioni, wazee. Jioni huwa nimezima."

Walitazamana. Jioni hapakuwa na chakula. "Tutaona," alisema Opoka, na pikipiki ikaondoka.

Walirudi wiki ile, na wiki iliyofuata, na zingine. Jioni hawakuja hata mara moja. Siku moja Nabintu alipika alfajiri, akazima mapema, akafunika sufuria kwa majani ya mgomba na magunia ili chakula kisipoe. Walipofika, Opoka aliyashika mawe, akakuta baridi, na uso ukamwanguka kama mtu aliyeshitakiwa.

"Lakini sasa mimi sioni moshi," Otim akamwokoa.

"Mzee, niwashe uone?"

"Ukiwasha, mwenzangu atalikuta moto."

Wakala yale maharage yaliyofunikwa, wakasifu.

Jirani wa Nabintu alikuwa Fatumah, Muganda muuza nyanya, mama mwenye mdomo usioogopa saa sita mchana wala saa sita usiku. Siku hiyo alingoja pikipiki ipotee kabisa, ndipo akasema, "Nyabo, hao hawakagui jiko. Wanakagua sufuria."

"Ni wageni," alisema Nabintu.

"Wageni gani wanamaliza mwezi? Mgeni wa hivyo kwetu tungekuwa tumempa jembe. Wewe ukipata kibali watakuja kula kwa nini? Itabidi walipe kama mpagazi. Fikiri mwenyewe."

Nabintu alivuta ungo. Alikaa anachagua maharage, mawe upande huu, maharage upande huu, na mimi nikaendelea kunoa. Baadaye akaniuliza, bila kuinua macho, "Ndugu, mtu akimnyima mgeni chakula, kwenu wanamwitaje?"

Nilimwambia kwetu wanamwita mchoyo. Lakini nilimwambia pia kwamba mgeni ana mwanzo na ana mwisho, na asiye na mwisho ni kupe. Mabega yake yakatikisika kidogo. Nilifurahi.

Zilikuwa zimebaki siku chache tu wageni wa mji waingie, na majiko ya ng'ambo ya barabara yalikuwa yamekwisha kuvunjwa, wale wawili walipokuja tena. Chakula kilikuwa kinatokota, wapagazi wamekaa kwenye gogo na vikaratasi vyao vya chumvi mkononi. Otim alinyoosha mikono anawishwe. Nabintu hakuleta maji ya kunawa. Alichukua debe lote, akaepua sufuria, akamimina maji juu ya moto. Majivu yaliruka mpaka kwenye nyanya za Fatumah. Wapagazi walisimama.

"Wazee," alisema Nabintu, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kukaribisha, "afande Otim ameona linawaka. Wote mumeona. Sasa mukae, mungoje mawe yapoe, afande Opoka ashike. Mukishatia sahihi, mutakula mpaka mushindwe."

Opoka alimtazama mwenzake. "Mimi nikae kungoja mawe?"

"Si yatapoa sasa hivi, afande," Fatumah alisema. "Kama yanakuchelewesha, yapulizie. Si unajua kupuliza?"

Mpagazi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Kwa mtu aliyewahi kupiga tarumbeta neno lile lilimwingia vibaya. Opoka alikaza utepe wake kiunoni.

"Mama, umemnyima afisa wa serikali nafasi ya kufanya kazi," akasema.

"Nimemnyima maharage, mzee. Kazi ni hiyo hapo chini, inapoa."

Otim, mpole, aliangalia sufuria iliyoepuliwa, akameza mate. Kama wangekaa muda wa kuvuta sigara moja tu, kila kitu kingemalizika. Hawakukaa. Mtu mzima na mshahara wake na sahihi yake, akashindwa na njaa ya adhuhuri. Waliondoka.

Kesho yake asubuhi likaja lori la mji. Sisemi wale wawili ndio waliolituma. Amri ilikuwako tangu zamani, na lori lilikuwa linafuata safu. Vijana wa lori walishusha mabati wakayapakia. Mawe ya jiko waliyatupa mtaroni. Fito na magunia waliyarundika kando, wakayachoma moto, wakaenda zao. Nabintu alikuwa ameokoa sufuria zake na kile kisu. Alikaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, anatazama pale palipobaki peusi.

Na saa ya chakula, sikudanganyi, pikipiki ikaja.

Walishuka. Walisimama kidogo, wanatafuta kibanda kwa macho. Nilidhani wataona haya, hata mbwa huona haya. Opoka alichutama, akagusa ile ardhi nyeusi kwa kiganja chote, na uso wake ukapata nuru.

"Baridi," akasema. Akafungua utepe, akalipima doa la majivu, marefu na mapana.

Otim aligeuka kulitazama lile rundo la fito lililokuwa bado linafuka. Alifuata moshi kwa kidole mpaka juu. "Na moshi unakwenda vizuri," akasema. "Haumsumbui jirani."

Wakatia sahihi, mmoja baada ya mwingine, siku hiyo hiyo, kama utaratibu ulivyotaka. Otim alimpa Nabintu kibali kwa mikono miwili, kwa adabu. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya chini, kesho atapika wapi, maana wao leo hawajala.

Nabintu alisimama. Alikipokea, akasema, "Asante, wazee," kwa kuwa ilikuwa mwaka wa kusema asante. Akajitwika sufuria akaenda zake bandarini Port Bell, akapikia watu wa kupakua mabehewa yaliyoletwa na meli, nyuma kabisa, karibu na ukuta wa gereza, mahali ambapo ofisi yoyote iliogopa kufika. Alipika huko mpaka ile serikali ikaanguka na zingine zikafuata, mpaka mkono wake wa kushoto ukakataa kushika mwiko. Jiko lile halikukaguliwa na mtu. Kila nilipopita alinipa nile, na kisu alikuwa nacho, kimebaki chembamba kama jani la mtete kwa sababu ya kunolewa. Kibali cha Kalerwe hakukitumia. Alisema hawezi kupikia juu ya uongo, chakula hakitaiva.

Mimi siku ile nilinyamaza, kila mtu alinyamaza. Lakini nilikaa na neno tumboni. Miaka ilipopita na watu wakaanza tena kusema, nilimkuta Otim huko Nakivubo, anauza miwani ya mitumba juu ya gunia. Alinikumbuka. Alinipa hata kigoda. Nikamuuliza, naye akachukua miwani moja akaanza kuifuta, akaifuta, mpaka mteja akaja. Opoka nilimuuliza nje ya kanisa, akasema yuko na haraka. Niliingia hata ile ofisi yenyewe, kiti kimepata mtu mpya, kijana ana tai, nikamuuliza naye, akaniambia niandike. Nimeandika basi. Niliwauliza wote neno moja: pale chini, siku ile, mlikagua nini?