Jina la Baba Mkwe

Kalbubu alizaliwa ng'ambo ya mfereji, na kwa miaka mingi ng'ambo hiyo haikuwa mbali na mtu. Ulikuwa mfereji wa kumwagilia pamba tu. Wakati wa kiangazi ng'ombe aliuvuka bila kulowa tumbo. Siku alipoolewa, wanawake wa Boz-Aryk, kijiji cha mumewe, walikwenda kumchukua kwa mkokoteni wa farasi, wakapita juu ya daraja la mbao wakiimba, na hakuna aliyewasimamisha kuwauliza wametoka nchi gani. Nchi ilikuwa moja, na wakubwa wake walikaa mbali huko Moscow. Baadaye, unga ukimwishia, Kalbubu alikuwa akivuka kwenda kuazima kwa mama yake, huko Chek-Tala alikozaliwa, na kurudi kabla tanuri halijapoa.

Kisha ile nchi ikavunjika. Upande huu wakasema ni Kirigizia, upande ule wakasema ni Uzbekistani. Watu wa Boz-Aryk waliisikia habari hiyo redioni wakaendelea kupalilia. Waliokuwa na akili walikwenda mjini wakabadilisha pasipoti zao nyekundu za zamani. Japarkul, mume wa Kalbubu, alisema atampeleka mkewe baada ya mavuno. Mavuno yalipita, yakaja mengine, na mwishowe Japarkul akafa kwa ugonjwa wa ini na pasipoti ya mkewe ingali kabatini, nyekundu vilevile. Hata ndoa yao haikuwa na karatasi. Waliozeshwa na mulla nyumbani, wakanywa pamoja maji yaliyosomewa, na siku hizo maji hayo yalitosha. Mtu alikuwa mke wa fulani kwa sababu mtaa mzima ulimwona akiingia kwa fulani.

Wakati serikali mbili zilipogombana, daraja likang'olewa. Waya wa miba ukanyooshwa ukingoni, na aliyetaka kuvuka akaambiwa aende lango la barabara kuu na pasipoti iliyo hai. Ya Kalbubu ilikuwa ya nchi iliyokufa.

"Mama, hata ng'ombe wetu ana cheti cha chanjo," alisema Nurzat, mke wa mwanawe. Huyo mwana alikuwa Urusi akijenga maghorofa ya watu. "Wewe ndiye pekee hapa nyumbani usiyejulikana na serikali."

"Kamwe hao serikali hawakuja kukanda unga wangu," alijibu Kalbubu. "Wasinijue tu."

Lakini majira ya baridi yale mama yake alianguka uani kwake akashindwa kuinuka tena. Ergesh, mdogo wake Kalbubu, alipiga simu kutoka ng'ambo.

"Dada, mama akiamka anakuuliza wewe. Nimemwambia unakuja."

"Nitakujaje, Ergesh?"

"Sijui. Lakini nimeshamwambia."

Kisha aliongeza jambo lililomkosesha Kalbubu usingizi. Mama yao alikuwa amekataza mtu mwingine yeyote kumwimbia akifa. Kwa Wakirigizi wa zamani, mwanamke akifa hulazwa katika hema la sufu lililosimamishwa uani, na binti yake mkubwa hukaa karibu naye, uso ameelekeza kwenye ukuta wa hema, akimwimbia maombolezo: alivyoishi, alivyolea, alivyopika. Hakuna anayeweza kuajiriwa kuyaimba, na hakuna jirani anayeyajua. Binti asipokuwepo, mama huzikwa kimyakimya kama mtu asiyezaa. Leo vijana wanaweka muziki kwenye spika, lakini mama yake Kalbubu hakuwa wa leo.

Basi Kalbubu akaomba uraia. Alipeleka mashahidi, akapeleka picha za harusi zilizofifia, akasimama kwenye foleni iliyotoka mlangoni hadi kwenye theluji. Kwa kuwa ndoa haikuwa na karatasi, aliambiwa itabidi ahojiwe na tume, ili ijulikane kama kweli aliolewa Boz-Aryk au amejichomeka tu.

Aliyempeleka siku ya mahojiano ni Mamasaly, kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Yeye ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo sasa. Kalbubu hakuwahi kulitamka jina lake; alimwita Mkubwa. Ndivyo alivyofunzwa wiki ya kwanza ya ndoa: mke hatamki jina la shemeji aliyemzidi mumewe umri, wala la mama mkwe, na la baba mkwe hata akiwa amekufa, hata akiwa peke yake shambani. Jina la baba mkwe lilikuwa kama mlango wa chumba chake. Huusukumi.

Mamasaly aliketi nje, kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi. Dirisha lilikuwa wazi kidogo kwa sababu jiko la makaa la mle ndani lilitoa moshi.

Afisa wa tume alikuwa kijana kutoka mji mkuu, mwenye Kikirigizi chepesi cha mtu aliyesoma kwa Kirusi. Hakuwa mkali. Aliuliza shamba liko wapi, mume alikufa lini, alizikwa upande gani wa makaburi. Kalbubu alijibu yote.

"Vizuri, mama. Sasa baba wa mume wako. Alikuwa anaitwa nani?"

Kalbubu akalitazama jiko la makaa.

"Baba mkwe wako, mama."

"Namjua. Nimekaa naye nyumba moja mpaka alipofariki. Mimi ndiye niliyemlisha alipopooza."

"Sawasawa. Jina lake?"

"Muulize yeyote mtaani, baba. Muulize huyo aliyekaa nje, ni mwanawe."

"Sheria inataka nikuulize wewe. Wengine hawaruhusiwi kukujibia."

"Basi nipe kalamu."

"Andika basi."

Aliishika kalamu. Lakini mkono nao ulikuwa umefunzwa pamoja na ulimi. Na pale chini ya dirisha alimsikia Mamasaly akikohoa, kikohozi kilekile cha marehemu baba yake. Kalamu akairudisha mezani.

"Kwetu hatutaji," alisema.

Yule kijana alimtazama muda mrefu, bila dharau, kama mtu anayetazama mtambo wa zamani ambao hajui kazi yake. "Bibi yangu pia alikuwa na mambo kama hayo, nadhani," alisema. "Lakini hapa hakuna mahali pa kuandika hivyo." Kisha akaandika mahali palipokuwepo: hajui.

Wakati wa kurudi, walipofika kwenye miti mirefu ya mipopla, Mamasaly alipunguza mwendo.

"Nilisikia," alisema. "Ulifanya vizuri, shemeji. Siku hizi wake za wana wanawaita wakwe zao kwa majina kama wanaita mbwa. Umeuheshimu ukoo."

Kalbubu alisema ahsante, maana hivyo ndivyo inavyojibiwa. Moyoni alikuwa anamfikiria mama yake, akipiga hesabu ya heshima hiyo na nani anayeilipia.

Maombi yalikataliwa. Aliambiwa anaweza kuomba tena mwaka ukigeuka. Mama yake akaendelea kuishi, jambo lililowashangaza wote. Ergesh alisema mama anangojea tu.

Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata yalipokaribia, Mamasaly alikuja mwenyewe nyumbani kwa Kalbubu, akakaa mahali pa heshima, akanywa chai bakuli baada ya bakuli bila kusema alichojia. Mwisho alivua kofia yake ya sufu, akaiweka gotini.

"Shemeji, safari hii litaje."

Kalbubu alishusha birika.

"Mimi nimekuruhusu," alisema Mamasaly. "Nimekwenda kaburini kwa baba, nimemwambia. Litaje, umwone mama yako. Dhambi ikiwapo iwe yangu."

Alipoondoka, Nurzat alijitwisha ualimu. Yeye jina la mzee yule alilitamka kirahisi, kama anayetaja bei ya viazi.

"Sema, Mama. Ni neno tu."

"Kwako ni neno."

"Basi anza na nusu. Nusu ya kwanza leo, nusu ya pili kesho, halafu tunaunganisha kwa uzi."

"Siku utakapopata mkwe wako mwenyewe, nitakucheka nikiwa kaburini."

"Mkwe wangu ndiye wewe, na jina lako nalitaja kila siku nikikusengenya."

Kalbubu alicheka, kisha akaenda bandani. Huko, wakati akikamua, alijaribu kumwambia ng'ombe. Mara ya kwanza aliishia nusu, akajikuta ametazama nyuma kuona kama yupo mtu. Baada ya siku kadhaa liliweza kutoka, dogo na kavu, na ng'ombe hakugeuka.

Tume ya safari hii ilikuwa na afisa mwingine, mwanamke wa makamo mwenye miwani, Bi Gulsana. Ofisi ilikuwa ileile. Mamasaly aliketi kwenye benchi lilelile, lakini Kalbubu alipoingia alimwona ameishusha kofia yake mpaka ikafunika masikio.

Bi Gulsana aliuliza yaleyale, akafika palepale.

"Baba wa mume wako aliitwa nani?"

Kalbubu aliutazama ukuta. Alihisi joto likimpanda shingoni kama mtu anayevuliwa nguo mbele ya watu.

"Esenaman," alisema. Na kwa vile sauti ilikuwa ndogo mno, ikabidi aliseme tena. "Esenaman."

Bi Gulsana hakuandika. Alirudisha kurasa nyuma, akasoma, akavua miwani.

"Hapa panaonyesha mwaka jana hukujua."

"Nilijua. Sikutaja."

"Imeandikwa hujui. Mwaka jana hujui, mwaka huu unajua. Nani amekufundisha?"

"Amenifundisha mkwe mwenyewe, nilipomwosha miguu."

"Mama, mimi sikatai kwamba umeteseka. Lakini kila siku wanakuja hapa watu waliokaririshwa. Mtu anakariri jina la ukoo, jina la babu, mpaka jina la farasi. Kama ungekuwa mke wa nyumba hiyo, ungelijua tangu mwanzo." Alisema hayo kwa upole, na upole wake haukuwa na mlango. "Majibu mawili yasiyolingana siwezi kuyapitisha. Nikiyapitisha, nitaulizwa mimi."

"Basi andika kuwa kwetu hatutaji."

"Hilo lilikuwa la kusema mwaka jana."

"Nililisema mwaka jana."

Bi Gulsana alitazama tena, ukurasa huu na ule. "Halikuandikwa," alisema.

Nje, Mamasaly alikuwa amesimama. Hakuhitaji kuambiwa, alimtazama usoni akajua. Walitembea mpaka kwenye mipopla, naye mwendo wote akiwa mbele, asigeuke. Tangu siku hiyo hakuweza kumtazama Kalbubu machoni, na Kalbubu naye, alipomletea chai, aliiweka mlangoni. Neno moja tu Mamasaly alilisema, pale kwenye njia panda ya kwenda kwake:

"Jina tungebaki nalo tu."

Mama yake Kalbubu alifariki wakati wa kuchanua kwa miaprikoti, ile ambayo matunda yake ya manjano huyakausha juani. Ergesh alipiga simu asubuhi. Kalbubu alivaa ushungi mweusi, akaenda mpaka kwenye waya. Mbele yake ulikuwapo mfereji, ng'ambo yake uga wa kwao, na ndani ya uga hema la sufu lililokwisha simamishwa. Aliwaona wanawake wakiinama kuingia. Aliwajua kwa mwendo wao.

Alikaa chini, akageuza uso. Lakini hapakuwa na ukuta wa hema wa kuelekea, palikuwa na shamba la Mamasaly na punda. Akaanza hivyohivyo. Alimwimbia mama yake kuhusu unga wa kuazima, na daraja, na tanuri. Maji ya theluji yalikuwa yameshuka kutoka milimani na mfereji ulivuma kwa nguvu. Ng'ambo hakuna aliyegeuka. Askari wa upande ule alitembea hadi mkabala naye, akasimama, akamwashiria kwa mkono arudi nyuma kidogo kutoka kwenye waya. Alirudi nyuma, akaendelea. Wanaume walipolibeba jeneza wakatoka kwa mbio fupifupi kuelekea makaburini, aliinuka, kwa sababu aliyekuwa akiimbiwa hakuwapo tena pale.

Alhamisi iliyofuata Kalbubu alikaanga vitumbua vidogo vya unga, kama wanavyokaanga ili harufu ya mafuta iwafikie wafu. Alibeba jiko mpaka ukingoni. Nurzat alimsaidia kupuliza moto. Upepo wa alasiri ulikuwa unatoka ng'ambo, na moshi wote, na harufu yake, vikawarudia wao wawili machoni.

"Tungoje ugeuke, Mama," alisema Nurzat.

Walingoja mpaka mafuta yakapoa.